BWANA SHAMBA ANASEMA: MKONO SI DAFRAO

Mwezi huu tunaacha jembe kidogo. Tunakwenda mwaloni.

Najua wengine mtauliza: Bwana Shamba ana kazi gani na mitumbwi? Jibu ni rahisi. Mihogo, machungwa na mpunga wa Ukerewe haviendi Mwanza kwa miguu. Mbolea na mbegu bora hazifiki visiwani kwa kuruka. Vyote vinapita majini. Mkulima wa kisiwani akivuna magunia kumi, kisha mtumbwi ukavuja njiani, amelima bure. Kwa hiyo mtumbwi nao ni chombo cha mkulima, kama lilivyo jembe.

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo cha mtumbwi. Watu wengi wanakidharau. Wanakitazama kila siku lakini hawakioni. Kitu hicho ni dafrao.

DAFRAO NI NINI?

Dafrao ni kitu laini kinachoning'inizwa ubavuni mwa chombo. Kazi yake ni kuzuia chombo kisigonge gati, kisigonge mawe, wala kisigonge chombo kingine. Mabaharia wa meli kubwa wanalo jina hilo la dafrao. Huku kwetu ziwani watu wengi husema tu "tairi la mtumbwi", kwa sababu dafrao nyingi ni matairi makuukuu ya gari au pikipiki.

Ukitaka kuelewa kazi ya dafrao, fikiri juu ya kata ya kichwani. Mama anayebeba ndoo ya maji huweka kata kwanza. Kata haibebi ndoo. Kinachobeba ndoo ni kichwa. Lakini bila kata kichwa kitaumia. Dafrao ni kata ya mtumbwi.

KWA NINI MTUMBWI HUGONGA?

Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana alasiri mawimbi huja ufukweni kwa nguvu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Basi mtumbwi uliofungwa mwaloni alasiri haukai kimya. Unapanda na kushuka. Unasukumwa na kurudi. Kila wimbi linaupiga kwenye mtumbwi wa jirani, au kwenye gati, au kwenye jiwe. Sisi wa Mwanza tunayajua mawe yetu. Ni mawe magumu sana. Ubao hauwezi kushindana nayo.

Pigo moja halivunji mtumbwi. Lakini mapigo ni mengi, mchana kutwa, mwezi mzima. Rangi hukwanguka kwanza. Kisha ubao hunywa maji. Misumari hulegea. Pamba ambayo fundi alizibia nafasi kati ya mbao hutoka kidogo kidogo. Siku moja mwenye mtumbwi anaona maji ndani, anasema, "Mbona mtumbwi umeanza kuvuja ghafla?" Haukuanza ghafla. Ulianza siku nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na hata uharibifu hujaza kibaba chake.

MKONO SI DAFRAO

Jambo la pili ni kubwa kuliko mbao. Ni viungo vya watu.

Ndugu msomaji, umewahi kuona mtumbwi ukiingia mwaloni bila dafrao? Vijana hukaa ubavuni. Mtumbwi unapokaribia gati, mmoja hunyoosha mkono kuuzuia. Mwingine hunyoosha mguu. Wanajiona hodari.

Hebu tupige hesabu. Gunia moja la mihogo mikavu tuseme lina kilo 100. Magunia kumi ni kilo 1,000, yaani tani moja. Hapo hatujahesabu mtumbwi wenyewe, injini, wala abiria. Je, kijana mmoja anaweza kuzuia tani moja inayotembea kwa mkono wake? Hawezi. Mkono utabanwa kati ya ubao na jiwe kama karanga katika kinu.

Katika mwalo mmoja ninaofika kwa kazi yangu, yupo kijana aliyepoteza vidole viwili kwa njia hiyo. Alikuwa mvutaji mzuri wa nyavu. Siku hizi anauza vocha za simu na kuangalia wenzake wakienda ziwani. Mtumbwi aliokuwa akifanyia kazi ulikuwa na matairi mawili. Siku ile yote mawili yalikuwa ndani ya mtumbwi, chini ya magunia. Kamba zake zilikuwa zimeoza, na hakuna aliyezibadilisha.

Vidole havioti tena. Kamba hununuliwa. Basi tukumbuke maneno haya, na tuwafundishe vijana wetu: Mkono si dafrao. Mguu si dafrao.

AINA ZA DAFRAO ZETU

Ziko aina tatu ambazo utazikuta katika mialo yetu.

Ya kwanza ni tairi. Tairi la gari linafaa gati na mitumbwi mikubwa. Tairi la pikipiki ni jepesi, linafaa mtumbwi mdogo. Tairi ni gumu na hudumu muda mrefu. Lakini lina makosa matatu. Linatuamisha maji ndani. Linaacha alama nyeusi kwenye rangi. Tena ndani yake mna nyuzi za chuma, na tairi likichakaa nyuzi hizo hutokeza nje na kukwaruza mbao.

Ya pili ni gunia au mfuko wa turubai uliojazwa vipande vya nyavu kuukuu na kamba kuukuu, kisha ukashonwa. Hii ni dafrao laini, haiachi alama. Pia ni njia nzuri ya kutumia nyavu zilizochakaa badala ya kuzitupa ziwani, ambako zitaendelea kuua samaki bila faida ya mtu yeyote. Kosa lake ni kwamba inanyonya maji, inakuwa nzito, na isipokaushwa inaoza.

Ya tatu ni boya la plastiki lenye hewa ndani, la kununua dukani. Ni jepesi na safi. Kosa lake ni kwamba likitoboka, kazi yake imekwisha mpaka lizibwe. Tena jua kali hulikausha na kulipasua.

Usidharau aina uliyo nayo. Dafrao ya gunia iliyotunzwa ni bora kuliko boya la dukani lililotelekezwa.

ADUI WA DAFRAO

Kama mihindi ina viwavi na bungua, dafrao nayo ina adui zake. Adui hao ni watano.

1. Mchanga. Mchanga ukishika kwenye tairi au gunia, dafrao inageuka msasa. Mtumbwi unapocheza na mawimbi, mchanga unasugua ubao. Mtu anafikiri dafrao inalinda, kumbe inakula mtumbwi. Ndiyo sababu kubwa ya kusafisha.

2. Mafuta. Mafuta ya injini na petroli hulainisha mpira na kuuvimbisha, mwisho mpira unaharibika. Mafuta pia hushika mchanga zaidi.

3. Jua. Jua hukausha mpira na plastiki mpaka vinapasuka nyufa. Kamba za plastiki nazo huchakaa kwa jua. Ukizishika, zinatoa unga mkononi.

4. Maji yaliyotuama. Haya huozesha gunia na kamba. Katika tairi yanazaa mbu.

5. Uvivu wetu. Huyu ndiye adui mkubwa. Hao wengine wanne yeye ndiye anayewafungulia mlango.

JINSI YA KUSAFISHA

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Tayarisha vitu hivi: ndoo mbili za maji, sabuni ya kufulia, brashi ngumu au dodoki, kipande cha ubao au kijiti butu, na kitambaa kikuukuu. Kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Toa dafrao zote ubavuni, zipeleke nchi kavu. Usizioshee majini. Sababu nitaeleza baadaye.

Hatua ya pili. Mwaga maji yaliyotuama ndani ya tairi. Yamwage juu ya mchanga mkavu, mbali na maji.

Hatua ya tatu. Ondoa tope, magamba ya samaki, magugu na ukoga wa kijani kwa kijiti au ubao. Usitumie panga wala kisu. Vitakata mpira au turubai.

Hatua ya nne. Mwagia maji kuondoa mchanga wote kabla ya kusugua. Ukisugua kabla mchanga haujatoka, unakwaruza dafrao yako mwenyewe.

Hatua ya tano. Sugua kwa sabuni na brashi, nje na ndani. Ndani ya tairi usipaache. Mahali penye mafuta paka sabuni nene, acha dakika kumi, kisha sugua tena. Kama huna sabuni ya kutosha, tumia majivu laini yaliyochekechwa, pamoja na kitambaa chenye maji.

Hatua ya sita. Suuza kwa maji safi mpaka povu liishe.

Hatua ya saba. Kausha kivulini, mahali penye upepo. Tairi na boya usivianike juani kutwa. Gunia ni tofauti kidogo. Lipigwe jua la asubuhi mpaka ndani pakauke, maana likibaki na unyevu ndani litaoza. Libonyeze kwa mikono. Likitoa maji, bado.

Hatua ya nane. Futa ubavu wa mtumbwi kabla ya kurudisha dafrao. Dafrao safi juu ya ubao wenye mchanga ni kazi bure.

Alama nyeusi za tairi kwenye rangi hutokana na masizi yanayochanganywa na mpira kiwandani. Zisugue kwa kitambaa chenye maji na majivu laini. Ukitaka zisirudi, vika tairi vazi la turubai kuukuu au gunia, ulishone. Vazi hilo lifuliwe kila wiki.

USIFANYE HIVI

Usioshe dafrao kwa petroli wala dizeli. Wako watu wanaosema petroli inang'arisha tairi. Ni kweli inang'arisha leo. Kesho mpira umelainika. Tena petroli hushika moto kwa cheche ndogo, na mwaloni pana majiko na sigara. Mafuta yakiingia ziwani, ni maji hayo hayo ambayo watoto wetu wanakunywa.

Usisimame majini kuosha. Hapa ndugu msomaji tega sikio. Katika maji ya kina kifupi yenye magugu wako konokono wadogo wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono na kuogelea, hasa mchana wakati wa jua, na huweza kupenya ngozi ya mtu katika dakika chache tu. Mtu anayesimama majini nusu saa akisugua tairi anaweza kutoka na tairi safi na tumbo lenye ugonjwa. Chota maji, peleka nchi kavu. Lililo bora zaidi, yaache maji katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili kabla ya kuyatumia. Vimelea hivyo haviishi muda mrefu bila kupata mwili wa kuingia. Na kama una maumivu ya tumbo na unaona damu katika choo, nenda zahanati. Dawa ya kichocho ipo.

Usiache maji ndani ya tairi. Mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda kutaga katika matairi. Homa hiyo ilisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu hawa hushika kwenye ukuta wa tairi juu kidogo ya maji. Hata tairi likikauka, mayai hayafi upesi. Yanangoja maji mengine. Ndiyo sababu nimesema usugue ndani, usimwage maji tu. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka huweza kuchukua kama wiki moja. Kwa hiyo mwaga na kusugua kila wiki, na mbu hatapata nafasi.

Usichome matairi yaliyokwisha kazi. Moshi wake ni sumu. Nimeona mahali pengine watu wakiwashia moto wa kukausha samaki kwa vipande vya tairi. Samaki huyo hafai kuliwa. Kuni zikiwa mbichi, subiri zikauke.

KAMBA NDIYO ROHO YA DAFRAO

Dafrao nzuri kwenye kamba mbovu ni sawa na ndoo nzuri kwenye kamba mbovu ya kisima. Utaiona ikizama.

Watu wengi bado wanatumia kamba za katani. Ni zao letu. Katani ililetwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani. Ilitoka Florida, Marekani. Miche iliyotumwa ilikuwa 1,000, lakini iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Hayo ndiyo matunda ya kutunza kidogo ulicho nacho.

Kamba ya katani ina nguvu, na haiteleziki mkononi. Lakini ikikaa na maji daima, inaoza kutoka ndani. Kwa nje unaiona nzima. Basi ikague hivi: ishike kwa mikono miwili, izungushe kinyume cha msokoto wake, ili ifunguke kidogo. Tazama ndani. Nyuzi zikiwa nyeupe au za manjano, ni nzima. Zikiwa nyeusi, zinanuka uvundo, au zinakatika kwa kucha, badilisha kamba leo.

Kamba ya nailoni au ya plastiki haiozi kwa maji, lakini jua linaila. Ikiwa ina manyoya mengi nje, au inatoa unga, au imekuwa ngumu kama kijiti, badilisha.

Mahali kamba huchakaa upesi ni pawili: pale inapopita kwenye dafrao, na pale inapopita juu ya ukingo wa mtumbwi. Chukua kipande cha mpira wa maji uliokatika, kivishe kamba mahali hapo. Utaona kamba inadumu zaidi.

Funga kamba kwenye taruma au kwenye benchi lililo imara. Usipigilie msumari kwenye ubao wa ubavuni. Kila tundu la msumari ni mlango wa maji.

Na urefu wa kamba? Pima mtumbwi ukiwa na mzigo, kisha pima ukiwa mtupu. Dafrao ining'inie mahali ubavu unapokutana na gati au chombo cha jirani. Ikiwa juu sana, mtumbwi utagonga chini yake. Ikiwa chini sana, itakaa majini daima na kuota ukoga.

Tena urefu huo haudumu mwaka mzima, kwa sababu maji ya ziwa hayakai mahali pamoja. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kawaida. Mahali palipokuwa mchanga pakawa maji, na mawe yaliyokuwa yakionekana yakafichika. Maji yakipanda au yakishuka, pima upya.

Chombo kikiondoka, vuta dafrao ndani. Dafrao inayoburutwa majini inarudisha mtumbwi nyuma, inakula mafuta, na inaweza kunasa nyavu. Lakini usizifukie chini ya mzigo. Ziwekwe juu, mahali mkono unafika. Kabla ya kufika mwaloni, ziteremshwe mapema, siyo wakati gati liko hatua mbili mbele.

KUREKEBISHA

Tairi lisilo na matundu ya kutolea maji lipewe matundu. Weka alama upande utakaokuwa chini. Toboa matundu mawili au matatu, kila moja linatosha kuingiza kidole gumba. Tumia keekee, au kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni. Mpira hukatika kwa urahisi ukilowa. Usitumie chuma cha moto, kwa sababu ya ule moshi. Kila safari ya mwezi hakikisha matundu hayakuzibwa na tope.

Tairi likitokeza nyuzi za chuma, ligeuze upande ulio mzima utazame mtumbwi. Pande zote zikiwa na nyuzi, likatae. Halifai tena mtumbwini.

Gunia likitoboka, lishone kabla tundu halijakua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Likiwa limelegea, lifungue, toa vilivyooza, ongeza vipya, kisha shona.

Boya likipungua hewa, lizamishe katika ndoo ya maji ulibonyeze. Mahali panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Fundi wa baiskeli huweza kuziba tundu dogo la mpira. Boya la plastiki ngumu lililopasuka halizibiki vizuri. Lijaze vipande vya nyavu, ulivike gunia, nawe umepata dafrao ya aina ya pili.

KAZI HII NI YA NANI?

Hapa ndipo penye ugomvi. Mwenye mtumbwi anasema, "Mimi nimenunua. Wavuvi ndio wanaotumia, wao watunze." Wavuvi wanasema, "Mtumbwi si wetu. Mwenye mali alete kamba." Huku wakibishana, tairi limedondoka, na mtumbwi unapigwa na mawe.

Ukweli ni kwamba wote wana haki na wote wana makosa. Vifaa ni wajibu wa mwenye mtumbwi. Mikono ni wajibu wa wavuvi. Mtumbwi ukiharibika, mwenye mali anakosa mapato, na wavuvi wanakosa mgawo wao. Nao wakulima wanabaki na magunia ufukweni. Tena vidole vinavyobanwa si vya mwenye mali. Ni vya wavuvi. Kwa hiyo mvuvi asiseme dafrao si yake.

Nashauri hivi. Mkae pamoja, mwenye mtumbwi na wavuvi wake. Mchague zamu. Kila wiki mtu mmoja awe mlinzi wa dafrao. Kisha mnunue daftari moja dogo.

Sasa wewe unayesoma gazeti hili umejua kusoma na kuandika. Usiache elimu hiyo ikae bure kama jembe juu ya dari. Andika katika daftari hilo. Kwa mfano:

Jumatatu. Dafrao nne. Zimeoshwa zote.
Jumatano. Kamba ya pili upande wa kushoto imechakaa.
Alhamisi. Kamba imebadilishwa.
Jumamosi. Tairi la mbele, matundu yamezibuliwa.

Mistari hiyo minne inatosha. Siku ya ugomvi, hakuna atakayesema "nilidhani" wala "sikuambiwa". Daftari litasema. Na mwenye mtumbwi akiombwa fedha za kamba, ataona kwa macho yake kwamba kamba ilichakaa lini.

RATIBA

Kila siku: kabla ya kuondoka, tazama kamba na mafundo. Ukirudi, mwagia dafrao maji kutoa mchanga na magamba. Kazi hii haizidi dakika tano.

Kila wiki: zitoe zote, uzisafishe kwa hatua nane nilizotaja.

Kila mwezi: kagua kamba ndani ya msokoto, matundu ya maji, nyuzi za chuma na mishono. Geuza dafrao ili upande mmoja usichakae peke yake. Tazama pia ubavu wa mtumbwi mahali dafrao inapogusa. Ukiona pamba imeanza kutoka, mwite fundi mapema.

Mtumbwi ukipandishwa ufukweni kwa matengenezo, usiache dafrao juani. Zifunge pamoja, uzitundike kivulini, mahali panya hawafiki. Panya hupenda kuzaa ndani ya dafrao za gunia.

Ndugu msomaji, sikukuambia ununue kitu kikubwa. Nimesema juu ya maji, sabuni, kamba na dakika tano. Mtu anayeosha jembe lake jioni na kuliweka mahali pake ndiye anayelikuta asubuhi. Mtumbwi nao ni hivyo hivyo. Kesho ukifika mwaloni, usianze kutazama injini. Tazama ubavuni kwanza. Hesabu dafrao. Shika kamba kwa mkono wako. Kisha waambie na wenzako wasiojua kusoma yale uliyosoma hapa.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha makopa ya muhogo yasipate ukungu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Dafrao hufanya kazi gani? Toa mfano wako mwenyewe, mbali na ule wa kata.

2. Kwa nini dafrao yenye mchanga ni hatari kwa mtumbwi?

3. Kwa nini tunaosha dafrao nchi kavu, wala si majini?

4. Onyesha mbele ya wenzako jinsi ya kukagua kamba ya katani ndani ya msokoto wake.

5. Katika mwalo wenu, nani hutunza dafrao? Je, mnahitaji zamu? Andikeni majina ya watu wa zamu ya mwezi huu.

6. Mtumbwi una magunia 15 ya mihogo, kila gunia kilo 100. Mzigo wote ni kilo ngapi? Je, mkono wa mtu unaweza kuuzuia?